Singida yapanda, Liti yabaki

Septemba 15, 2025, kwenye Uwanja wa KMC jijini Dar es Salaam, Clatous Chama aliifunga Al Hilal ya Sudan mabao mawili, na Singida Black Stars ikabeba Kombe la Kagame kwa ushindi wa 2-1. Klabu yenye jina la mkoa wa alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji ikawa bingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Singida mjini, karibu kilomita 700 kutoka KMC, mechi ilitazamwa kama zinavyotazamwa mechi nyingi kubwa za timu hii: kwenye kibanda umiza, kwenye baa, au kwenye simu moja iliyozungukwa na vichwa sita.

Ni furaha yenye kichekesho ndani yake. Tangu mwaka 2017 klabu tatu zenye jina la Singida zimeingia Ligi Kuu kwa milango tofauti, na kila iliyofika ngazi ya juu imekuta ngumi nzito kuliko za chini. Zote zimetafuta dawa, na dawa imepatikana nje ya mkoa: kocha, wachezaji, wakati mwingine timu nzima. Tatizo ni kwamba kila dawa ilipokolea, timu ilisogea hatua moja mbali na uwanja wa nyumbani.

Uwanja wenyewe ni CCM Liti, ambao watu wengi wa mjini bado wanauita Namfua. Mgeni akiingia pale kwa mara ya kwanza hushangaa upepo kabla ya kushangaa kitu kingine. Singida ni mji wa mawe makubwa, wa maziwa ya Singidani na Kindai, na wa upepo usiochoka; kwa miaka mingi imetajwa mipango ya kufua umeme wa upepo mkoani humo. Mpira mrefu unaopigwa dhidi ya upepo huo hupanda, husimama, kisha hushuka mahali ambapo mpigaji hakukusudia. Beki wa Dar es Salaam anayekwenda kuupokea kwa kichwa anaweza kujikuta ameruka bure. Mwenyeji anayeujua upepo ana mtaji usionunuliwa sokoni.

Singida United ilikuwa ya kwanza kuutumia mtaji huo katika miaka hii. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 pamoja na Lipuli ya Iringa na Njombe Mji. Njombe Mji haikumaliza hata mwaka juu; ilishuka msimu uleule. Singida United yenyewe haikwenda Ligi Kuu na kikosi kilichoipandisha. Mlezi wake alikuwa Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi, na udhamini ulitoka SportPesa, kampuni iliyokuwa imezishika pia Simba na Yanga. Akaletwa Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyekuwa ameipa Yanga ubingwa mara mbili mfululizo, 2014/15 na 2015/16. Wakaletwa Wazimbabwe, Wanyarwanda na Mganda, na kutoka Yanga akaja Deus Kaseke. Kati ya Juni na Agosti timu ya daraja la kwanza ilikuwa imegeuka timu nyingine, imebaki na jina na rangi.

Ikamaliza ya tano. Kwa timu iliyotoka chini, hiyo ni nafasi ya heshima, lakini wenyeji wanakumbuka zaidi Aprili 1, 2018, pale Namfua, robo fainali ya Kombe la Shirikisho. Yanga ilikwenda sare ya 1-1 na kutolewa kwa penalti. Aliyepokea habari ile kwa simu akiwa safarini angesamehewa kudhani ni utani wa siku ya wajinga. Timu ikafika fainali, Juni 2, kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar. Bao moja tu likaitenga na tiketi ya Afrika.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kusomwa na kila timu inayopanda.

Msimu wa 2018/19 ligi iliongezwa kutoka timu 16 hadi 20. Maana yake mechi zilipanda kutoka 30 hadi 38, na msimu ule ulianza bila mdhamini mkuu wa ligi. Kwa Simba au Azam mechi nane za ziada ni uchovu. Kwa timu ya mkoani ni mafuta ya basi, hoteli na posho. Kutoka Singida kwenda Mtwara kucheza na Ndanda ni kuvuka nchi, na kwenda Bukoba kucheza na Kagera Sugar si matembezi. Pluijm alikwishaondoka kwenda Azam, na kikosi kilichonunuliwa kwa haraka kikaanza kuondoka kwa haraka ileile. Benchi alikabidhiwa Hemed Suleiman, maarufu kama Morocco, ambaye miaka kadhaa baadaye angeifundisha Taifa Stars. Msimu wa 2019/20 ulipofungwa, Singida United ilikuwa miongoni mwa timu zilizoshuka, pamoja na Lipuli, Ndanda na Alliance. Haijarudi.

Ukiwauliza watu wa mpira kwa nini, wengi watajibu kwa neno moja: fedha. Jibu hilo ni sahihi na halitoshi. Fedha zilikuwepo mwanzoni. Kilichokosekana ni kitu cha kubaki fedha zikipungua: vijana wa Iramba, Manyoni na Ikungi waliolelewa kwenye timu ya pili, ambao wangecheza hata mshahara ukichelewa kwa kuwa kwao ni hapo. Mchezaji aliyeletwa na mkataba huondoka na mkataba, na hana kosa.

Baada ya hapo Singida ilikaa miaka miwili bila Ligi Kuu, kisha ikapata timu kwa njia ambayo haikupitia Singida. Mwaka 2022 timu mbili zilipanda moja kwa moja kutoka Championship: DTB, iliyokuwa na makazi Dar es Salaam, na Ihefu ya Mbarali, Mbeya. Hakuna aliyejua siku ile kwamba zote mbili zingefika Singida. DTB ndiyo iliyotangulia. Kabla msimu haujaanza ikawa Singida Big Stars, ikamrudisha Pluijm, ikamsajili Meddie Kagere, mshambuliaji aliyekuwa ameifungia Simba mabao mengi, na ikaongeza Wabrazili, jambo ambalo Liti haikuwa imelizoea. Januari 2023 ikafika fainali ya Kombe la Mapinduzi na kufungwa na Mlandege. Ilimaliza ligi katika nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam, na safari hii tiketi ya Afrika ikapatikana.

Hapo jina likabadilika tena. Kwa msimu wa 2023/24 ikaitwa Singida Fountain Gate, baada ya kuungana na Fountain Gate, taasisi ya shule ambayo wasichana wake walikuwa wametwaa ubingwa wa Afrika wa soka la shule mjini Durban mwaka 2023. Kwenye Kombe la Shirikisho Afrika timu iliitoa JKU ya Zanzibar, kisha ikatolewa na Future ya Misri. Mechi za nyumbani zilichezwa Chamazi, kwenye Uwanja wa Azam. Shirikisho la Afrika lina masharti yake kuhusu taa, viti, vyumba na nyasi, na Liti haikuyafikia. Msimu haujaisha, timu ikahamia CCM Kirumba, Mwanza. Baadaye ikalidondosha neno Singida na kwenda kuweka makazi Babati kwa jina la Fountain Gate.

Liti haikukaa tupu, kwa sababu Ihefu ilikuwa njiani.

Ihefu ni jina la ardhioevu ya Usangu, inayoulisha Mto Ruaha Mkuu, na timu iliyobeba jina hilo ilikuwa na historia yake. Mwaka 2020 ilipanda kwa mchujo baada ya kuitoa Mbao ya Mwanza, ikashuka baada ya msimu mmoja, ikapanda tena 2022. Novemba 29, 2022, huko Mbarali, iliifunga Yanga 2-1 na kukata mbio za mechi 49 za ligi bila kupoteza. Oktoba 2023 ikairudia kazi ileile kwa matokeo yaleyale. Msimu huohuo wa 2023/24 ikahamia Singida, na kabla ya 2024/25 ikaitwa Singida Black Stars. Mtu wa Mbarali aliyeshangilia lile bao la pili dhidi ya Yanga aliamka siku moja akakuta timu yake ina jina la mkoa mwingine. Singida inapofurahia, ni vizuri kumkumbuka huyo.

Wasomaji wanaofuatilia kandanda ya Kimarekani ya vyuo vikuu wataona kitu wanachokifahamu. Kule hakuna kupanda wala kushuka daraja. Chuo kinachotaka ushindani mkubwa zaidi, na fedha za televisheni zinazoandamana nao, kinahama kundi. Mwaka 2024 Texas na Oklahoma viliingia kundi la SEC, na vyuo vinne vya pwani ya Pasifiki vikaingia kundi la Big Ten, kiasi kwamba vijana wa Los Angeles wakawa wanapanda ndege kwenda kucheza New Jersey. Oregon, mojawapo ya hivyo vinne, ilitwaa ubingwa wa kundi lake jipya mwaka wa kwanza. Texas ilifika fainali ya SEC ikafungwa na Georgia. Oklahoma ilimaliza mwaka na vipigo vingi kuliko ushindi. Lakini hata Oregon ilipohama, ilibaki mjini kwake Eugene, na uwanja wake haukuondoka. Singida imefanya kinyume: timu ndizo zinazokuja kwenye jina.

Black Stars hawakufika kwa unyonge. Msimu wao wa kwanza kwa jina jipya walipita mikononi mwa Patrick Aussems, kisha Miloud Hamdi, aliyehamia Yanga Februari 2025, kisha David Ouma kutoka Kenya. Makocha watatu ndani ya msimu mmoja kwa kawaida ni dalili ya timu inayozama. Hii ikamaliza ya nne. Katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho iliichapa Simba 3-1 mjini Babati, kisha ikafungwa 2-0 na Yanga kwenye fainali, New Amaan, Juni 29. Katikati ya hayo, Januari 2025, Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji wake watatu, Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Muhamed Damaro Camara wa Guinea, wamepewa uraia wa Tanzania. Mjadala ulikuwa mkali, kwa kuwa kila klabu ilikuwa na ukomo wa wageni 12 na raia mpya hakuhesabiwa humo. Wakili mzuri angeitetea hatua ile. Kijana wa Manyoni anayegombea namba hiyohiyo angekuwa na maswali.

Kisha akaja Miguel Gamondi, Muargentina ambaye Yanga ilikuwa imeachana naye Novemba 2024. Kagame ikatwaliwa. Kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, Rayon Sports ikafungwa 1-0 Kigali na 2-1 Chamazi. Flambeau du Centre ya Burundi ikalazimisha sare ya 1-1 kwao, ikafungwa 3-1 Chamazi. Klabu yenye jina la Singida ikaingia hatua ya makundi ya Afrika kwa mara ya kwanza, na Tanzania ikawa na timu nne katika makundi ya mashindano mawili ya Afrika: Yanga na Simba upande wa Mabingwa, Azam na Singida upande wa Shirikisho. Novemba 2025 Gamondi akapewa pia Taifa Stars kwa muda, akichukua nafasi ya Hemed Morocco yuleyule wa Singida United. Mpira wa Tanzania ni kijiji.

Kwenye kundi la Singida kulikuwa na CR Belouizdad ya Algeria, AS Otoho ya Kongo-Brazzaville na Stellenbosch ya Afrika Kusini. Ya mwisho inafaa kuangaliwa kwa makini. Stellenbosch nayo ni timu iliyohamishwa: mwaka 2016 nafasi ya Vasco da Gama ya Cape Town ilipelekwa kwenye mji huo wa mashamba ya mizabibu na jina likabadilishwa. Miaka mitatu baadaye ikapanda ligi kuu, na 2024/25 ilifika nusu fainali ya Afrika kabla ya kuzuiwa na Simba. Tofauti ni kwamba ilihama mara moja, ikabaki, ikaanza kulea vijana wa pale.

Singida nayo ina mwanzo wa kitu kama hicho. Machi 2025 ulizinduliwa Uwanja wa Airtel, eneo la Mtipa, kwa mechi ya kirafiki na Yanga. Lakini Stellenbosch ilipokuja Tanzania mwishoni mwa Novemba, ilipokelewa New Amaan, Unguja. Shabiki wa Singida aliyetaka kuiona timu yake ikicheza nyumbani ilimbidi apande basi alfajiri, apite Manyoni, Dodoma na Morogoro, alale Dar es Salaam, kesho yake akate tiketi ya boti, avuke bahari, kisha atafute daladala ya kwenda Amaan. Aliyepiga hesabu ya nauli alikwenda kibandani, akalipa kiingilio, akakaa kwenye benchi la mbele kabla halijajaa.