Kahawa ya Kasulu hainywewi ndani

Ukiagiza kahawa kwenye mgahawa wa Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, utaletewa chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, kikombe, sukari na kopo la Africafe. Kahawa hiyo inatengenezwa na Tanica, Bukoba, na haina ubaya; wengi wetu tumeanzia hapo. Ila anayeinywa akaondoka akidhani ameonja kahawa ya Buha, nchi ya Waha, hajaonja kitu. Kahawa ya hapa iko nje, kwenye benchi la mbao, jirani na stendi au sokoni.

Kurasa za wikendi hupenda kutuorodheshea migahawa ya Masaki, Dar es Salaam, kwa uzuri wa viti na ukubwa wa mashine. Kijiwe cha kahawa hakina ubao wala menyu. Hutajwa kwa mwenyewe au kwa alama: pale kwa mzee, pale kwenye mwembe, pale wanapocheza drafti. Mtaji wake ni jiko la mkaa, birika, vikombe vidogo visivyo na mkono, ndoo ya maji ya kusuuzia na sahani ya kashata za karanga. Kikombe ni mia, mia mbili. Hakuna atakayekuuliza unataka ya aina gani.

Pamoja na hayo, vijiwe havilingani, na wanywaji wanajua. Cha kwanza ni ukaangaji. Punje zikiharakishwa kwenye moto mkali huungua nje zikabaki mbichi ndani, na unachokunywa ni uchungu wa mkaa, si wa kahawa. Mkaangaji mzuri hana haraka. Mwiko hautoki kwenye sufuria, na anaipua kabla moshi haujamtangulia. Cha pili ni umri wa birika. Kahawa iliyochemka tangu alfajiri, ikiongezwa maji kila inapopungua, jioni ni kumbukumbu tu ya kahawa. Halafu kuna tangawizi. Siikatai, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo baridi ya Kibondo haina mzaha, lakini inapokukwaruza koo kabla hujaisikia kahawa yenyewe, ujue kuna kilichofichwa. Kuhusu ndoo ya kusuuzia, mimi huangalia rangi ya maji kwanza, ndipo nakaa.

Bado si kahawa peke yake inayomfanya mtu apite vijiwe viwili kuelekea cha tatu. Anafuata mazungumzo. Na siasa za huku zina cha kuzungumzwa. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilishinda majimbo manne nchi nzima, yote ya Mkoa wa Kigoma, na matatu kati yake yalikuwa hapa: Kasulu Mjini kwa Moses Machali, Kasulu Vijijini kwa Agripina Buyogera, na Muhambwe, yaani Kibondo, kwa Felix Mkosamali. Mwaka 2015 CCM ikayarudisha yote matatu. Siwezi kuapa kwamba kura hizo zilipikwa kwenye birika, ila ukikaa kijiweni nusu saa huoni ajabu watu hawa wakibadili mawazo. Muuza kahawa mwenyewe husikiliza pande zote bila kujifunga na yeyote. Akichagua upande, nusu ya wateja watahama.

Watawala wamewahi kuliogopa benchi la namna hii. Mwaka 1675 Mfalme Charles II wa Uingereza alitoa tangazo la kufunga nyumba za kahawa kwa sababu watu waliisema serikali humo. Kelele zilizofuata zilimfanya alifute hata kabla halijaanza kutumika.

Kinachonikera kiko kwingine. Miinuko hii, kuanzia Kalinzi na Manyovu hadi Kasulu, Kibondo na Kakonko, ni nchi ya arabika. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ina kituo chake Mwayaya, Buhigwe. Wakulima wa vyama vya msingi wameunganishwa na Kanyovu, ushirika wao wa pamoja, na mradi wa TACARE, ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994 katika vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Gombe, ulisaidia kahawa ya Kalinzi kuwafikia wakaangaji wa Marekani, Green Mountain wa Vermont wakiwemo. Mzungu wa Vermont ameinywa ikiwa kwenye pakiti yenye jina la Gombe. Punje iliyochumwa ikiwa nyekundu, ikamenywa, ikaoshwa na kuanikwa juu ya chanja ina safari ndefu: kwa miaka mingi mnada wake ulikuwa Moshi, upande wa pili wa nchi. Birika la kijiweni aghalabu hupata iliyokosa daraja. Mkulima anaiuza nzuri kwa sababu ada ya shule haingoji, na simlaumu. Namuona tu akinywa makapi ya jasho lake, kisha anarudi kupalilia.

Na benchi lenyewe ni la wanaume. Wanawake, ambao hawakosekani kwenye kuchuma na kuanika, hupita na ndoo kichwani, wakasalimia na kwenda. Sijaona kanuni inayowakataza. Nimeona tu wanavyotazamwa.

Ukinilazimisha kuchagua, Kasulu naipa alfajiri, birika la kwanza, abiria wa mabasi wakiwa bado na mablanketi mabegani. Kibondo naipa jioni, drafti ikiwa imepamba moto na vizibo vya soda vikigongwa ubaoni. Lami ya Kabingo hadi Manyovu, ya kilomita 260 hivi, inapita Kibondo na Kasulu na inakuwezesha kupata zote mbili kwa siku moja. Usiombe maziwa. Na uende na chenji: kutoa noti ya elfu kumi kwa kikombe cha mia ni kuanzisha mjadala ambao hata muuza kahawa atachagua upande.