Kafi Yapata Heshima Ulimwenguni

Mtu akitoka katika magofu ya Gede na kushuka kwenye hori ya Mida, hakosi kuona mitumbwi ya wavuvi. Ni magogo ya mwembe yaliyochongwa, nayo huendeshwa kwa pondo penye maji haba na kwa kafi penye kina. Mwenyeji haoni ajabu yoyote hapo. Kwake ni chombo cha kutafutia kitoweo, na huenda kijana aliyesoma akakiona kuwa ni alama ya umaskini.

Lakini kazi hiyo hiyo ya kupiga kafi imepewa cheo kikubwa duniani. Mwaka 1936 mbio za mitumbwi ziliingizwa katika Michezo ya Olimpiki huko Berlin, na mwaka 1938 mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalifanyika Vaxholm, katika nchi ya Uswidi. Mwaka 2023 mataifa yalikutana Duisburg, Ujerumani, kushindania ubingwa huo.

Vyombo vyao ni vya namna mbili. Cha kwanza ni kayaki. Mpigaji huketi miguu mbele, na kafi yake ina bapa mbili, moja kila ncha. Cha pili ni mtumbwi. Humo mpigaji hupiga goti moja, hushika kafi yenye bapa moja, naye hupiga upande mmoja tu tangu mwanzo hata mwisho. Mtumbwi hauna usukani. Kwa hiyo kila mwisho wa pigo huizungusha kafi kidogo ili omo isigeuke. Mvuvi wa Mida hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Njia za mbio hunyooshwa kwa maboya, na masafa ni meta 200, 500 au 1000. Mabingwa humaliza meta 1000 kwa muda usiotimia dakika 4.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba nguvu za mvuvi zatosha. Kayaki ya mtu mmoja yaweza kuwa na uzito wa kilo 12 tu, tena ni nyembamba sana. Asiyeizoea hupinduka mara moja. Gogo la mwembe ni zito, kwa kuwa lilichongwa kuchukua nyavu na samaki, si kukimbia. Tena maji ya Mida hupwa na kuacha tope. Mwenye kutaka kushindanisha watu hapo sharti angoje yajae.

Waafrika nao wamekwisha kuingia katika mbio hizi. Mwaka 2012, huko London, Bridgitte Hartley wa Afrika Kusini alipata nishani ya shaba katika kayaki, meta 500. Mwaka 2016 Buly Triste alishindana Rio de Janeiro kwa mtumbwi. Hakupata nishani, lakini nchi yake ni São Tomé na Príncipe, visiwa vidogo ambavyo wavuvi wake nao hupanda magogo ya kuchonga.

Basi kijana wa Mida ajuaye kuogelea na kunyoosha mtumbwi kwa kafi amekwisha kupata mwanzo wa elimu hiyo. Yaliyobaki ni chombo chepesi, mwalimu, na mazoezi ya kila siku. Mji wa Gede ulihamwa katika karne ya 17, na kuta zake zikamezwa na msitu. Ujuzi nao, usiporithiwa, huwa gofu.