Kilimani Korosho, Bondeni Mpunga

Katika duka la pembejeo ninakofanya kazi hapa Kariakoo, Jumamosi ni siku ya wenye mashamba wanaoishi mjini. Mtu amenunua ekari mbili Mkuranga au Kisarawe, amelima mahindi yakadumaa, sasa yuko mbele ya kaunta: "Dada, nipe mbolea kali, ardhi yangu imechoka." Kabla sijagusa mfuko wowote nauliza: shamba liko juu ya kilima, ubavuni, au bondeni? Wengi hushangaa. Wanaamini wilaya moja ina udongo mmoja.

Tofauti hiyo ya kilima na bonde ilichunguzwa kwa makini hapahapa nchini. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, alieleza mwaka 1935 kwamba ukishuka kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni udongo hubadilika kwa mpangilio, na mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Juu utakuta labda mwekundu usiotuamisha maji, chini yake kichanga cha kijivu, na bondeni mfinyanzi mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Mpangilio huo aliuita katena, na wanafunzi wa udongo duniani kote wanausoma hadi leo. Wakulima wa Usukuma nao walikuwa wakiigawa ardhi yao hivyo: luseni ni kichanga, mbuga ni ule mweusi mzito, na kila mmoja una mazao yake.

Sehemu kubwa ya Mkuranga na Kisarawe ni kichanga. Maji hupita upesi, na kwa kuwa mfinyanzi na mboji ni haba, hakuna kitu cha kushikilia virutubisho. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, lakini ukiimwaga yote kwa mkupuo halafu masika ikashuka kwa nguvu, sehemu kubwa huzama chini kuliko mizizi ya mahindi inakofika. Kwa hiyo mbolea kali si dawa ya kichanga. Tanguliza samadi iliyooza vizuri, kisha mbolea ya kukuzia igawe mara mbili au tatu.

Nakasirika nikisikia kichanga kikiitwa udongo mbaya. Mkorosho unakipenda! Mizizi yake hushuka chini sana kutafuta unyevu, na maji yaliyotuama hauyavumilii kabisa. Minazi, mihogo, miembe na mananasi navyo vinastawi huko Pwani kwa sababu udongo unapitisha maji na hewa. Ukipanda mikorosho kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja inabeba kama miti 28, na ingali midogo unaweza kuchanganya kunde au mihogo katikati.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea udongo wa shamba lake katika makopo mawili. Tukaulowesha palepale kaunta. Ule wa kilimani ulikataa kufinyangika, ukavunjika mkononi. Ule wa bondeni niliukanda, nikauminya kati ya kidole gumba na cha shahada, ukatoa utepe mrefu usiokatika. "Mwalimu," nikamwambia, "una mashamba mawili hapa." Juu korosho, bondeni mpunga wa masika. Yeye alikuwa amepanga mahindi kotekote.

Jaribio hilo kila mtu anaweza kulifanya nyumbani, na kutochunguza udongo kuna gharama. Kule Kongwa, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga kwa haraka, bila uchunguzi wa kutosha wa udongo wala mvua. Kiangazi kilipofika ardhi ile yenye mfinyanzi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, karanga zikakataa kung'oka. Mradi ukaachwa mwaka 1951, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea.

Hata hivyo mkono una mipaka yake: kuna yasiyoonekana kabisa. Ukishuka kutoka Kariakoo hadi bonde la Msimbazi utaona matuta ya mchicha kwenye udongo mweusi unaovutia. Lakini mto huo unapokea majitaka na taka za viwanda, na watafiti waliopima mboga za kandokando yake, matokeo yakachapishwa mwaka 1999, walikuta madini mazito ndani yake, risasi ikiwemo. Rangi nzuri haikuambii hayo.

Ndiyo maana nawasihi wateja wapime maabara, Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga. Tembea shambani kwa kupindapinda, chimba sehemu nyingi hadi sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, kausha kivulini, chukua kama kilo moja. Usichote kwenye kichuguu, kwenye zizi la zamani wala palipochomwa takataka. Kilimani chukua mfuko wake na bondeni wake. Ukiichanganya, jibu halitafaa popote.

Mwalimu alifanya hivyo kabla ya vuli. Udongo wake wa kilimani ulionekana kuwa na tindikali kali. Alirudi dukani akanunua chokaa na mbegu ya kunde, urea akaiacha.