Ruzuku ya mbolea: orodha inaandikwa na nani?

Sisi Watanzania wa Langley Park na vitongoji vyake hapa Maryland tunaujua msimu wa kilimo wa nyumbani kwa simu. Ikifika Oktoba au Novemba, baba mdogo wa Njombe au shangazi wa Mbozi atapiga, atasalimia, atawaulizia watoto mmoja mmoja, kisha ataingia kwenye mbolea. Tunatuma. Halafu tunaulizana wenyewe kwa wenyewe: mbona Serikali ilitangaza ruzuku?

Ruzuku ilikuwepo kweli. Mwaka 2008, bei ya mbolea ilipopanda duniani, Serikali ilianzisha mpango wa vocha za pembejeo, ambao baadaye ulipata mkopo wa Benki ya Dunia. Mkulima wa mahindi alipewa vocha tatu za ekari moja: kilo 10 za mbegu bora, mfuko wa mbolea ya kupandia na mfuko wa kukuzia. Vocha ililipa nusu ya bei tu. Nusu ya pili ilitoka mfukoni mwa mkulima, au mfukoni mwa ndugu yake aliye ughaibuni.

Asiyekuwa na ndugu wa kumtumia alibanwa. Vocha bila fedha taslimu haikumpa kitu, kwa hiyo wapo waliosaini, wakapokea vijisenti kutoka kwa wakala, na mfuko wa mbolea wasiuone. Wakala alipeleka vocha benki na kulipwa kana kwamba mbolea imefika shambani.

Lakini tatizo kubwa zaidi lilianza kabla ya wakala. Majina yalipendekezwa na kamati ya vocha ya kijiji, na masharti yake yalikuwa mazuri: mwenye shamba lisilozidi hekta moja, na kina mama wanaoongoza kaya wapewe kipaumbele. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa ziliangukia kwa viongozi wa vijiji wenyewe waliochaguliwa. Asilimia 60! Mgawaji alianza na sahani yake.

Tusije tukadhani mambo haya ni ya Afrika peke yake. Hapa Marekani mikopo na misaada ya Wizara ya Kilimo ilipitia kwa miaka mingi kwenye kamati za kaunti, zinazochaguliwa na wakulima wenyewe, na katika majimbo ya kusini karibu wajumbe wote walikuwa weupe. Mwaka 1997 Timothy Pigford, mkulima mweusi wa North Carolina, aliishitaki Wizara hiyo pamoja na wenzake katika mahakama ya shirikisho ya Washington, maili chache kutoka hapa tunapoishi. Walidai kuwa maombi yao yalicheleweshwa hadi msimu ukapita, au yalikataliwa kabisa. Aprili 1999 jaji aliidhinisha makubaliano, na zaidi ya wakulima 15,000 wakalipwa, wengi wao dola 50,000 kila mmoja. Kwa waliochelewa kudai, makubaliano mengine ya dola bilioni 1.25 yalifikiwa mwaka 2010. Wengi walikuwa wamekwisha kupoteza mashamba.

Tanzania ilirudi kwenye ruzuku kwa njia nyingine Agosti 2022. Safari hii mkulima anaandikishwa kijijini kwenye daftari, anapata namba kwa simu, na punguzo linakatwa dukani. Mfuko wa DAP uliokuwa umezidi Sh 120,000 ulishushwa hadi Sh 70,000. Vocha ya karatasi ya kuuza haipo tena, jambo ambalo sisi tunalipongeza. Hata hivyo daftari bado linaandikwa kijijini, na mwenye duka la wakala mbali analipa nauli ya kufuata mfuko.

Kwa hiyo simu ya Oktoba ikiita, kabla ya kutuma tumuulize shangazi maswali mawili: jina lake limo kwenye daftari, na ekari zilizoandikwa ni zile anazolima? Kama halimo, aende kwa mtendaji wa kijiji kabla mvua hazijaanza.