Nzi Anayebisha Hodi kwa Mguu

Ukitoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, utapita Idodi. Katika ukanda huu wa joto, tunda la mng'ongo likianguka na kuanza kuchacha, vinzi vidogo vyenye macho mekundu havichelewi. Si wale nzi wakubwa wanaotoboa maembe. Hawa ndio wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi na ndoo ya ulanzi isiyofunikwa. Kitaalamu huitwa Drosophila melanogaster, na asili yao ni Afrika. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walieleza kwamba waliwakuta wakiishi porini Matobo, Zimbabwe, wakifuata matunda ya mng'ongo.

Uchumba wao huanza kwa mguu. Dume humfuata jike kwa nyuma, kisha humgusa ubavuni kwa mguu wa mbele. Hodi hiyo ina kazi: mguuni kuna vinyweleo vinavyoonja. Ngozi ya jike ina mafuta mazito yaitwayo 7,11-heptakosadiene, ambayo hayapeperuki hewani vya kutosha kunuswa kwa mbali. Sharti yaguswe.

Ladha ikikubali, dume hutandaza bawa moja na kulitetemesha, akimwimbia jike. Akimgusa dume mwenzake hukutana na 7-trikosene, ladha inayomkatisha tamaa, naye huachana naye.

Ladha ya jike pia hulinda ukoo. Mwaka 2009 Jean-Christophe Billeter na wenzake nchini Kanada walitengeneza nzi wasio na seli zinazozalisha mafuta hayo ya ngozi. Badala ya kukosa wachumba, majike hao walifuatwa hata na madume wa jamii nyingine. Walipopakwa 7,11-heptakosadiene, madume wageni wakaacha kuwasumbua. Majike wengi wa Afrika, hata hivyo, hubeba zaidi mafuta ya aina nyingine, 5,9-heptakosadiene.

Kwa wakazi wa Idodi, mdudu anayeuma ni mbung'o, au ndorobo, na yeye naye hutegemea mguso. Mwaka 1978 wanasayansi walitambua mafuta yaliyo kwenye ngozi ya jike wa Glossina morsitans. Dume akigusa hata mzoga wa mbung'o uliopakwa mafuta hayo, hujaribu kuupanda.

Tabia za mbung'o katika kupandana zimewahi kugeuzwa silaha dhidi yao. Huko Unguja, kuanzia 1994, madume wa Glossina austeni waliokuzwa Tanga waliondolewa uwezo wa kuzaa kwa mionzi, kisha wakamwagwa kutoka kwenye ndege ndogo. Hawakuwa wamepoteza hamu ya majike. Kwa kuwa jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, aliyekutana na dume wa aina hiyo hakupata mtoto. Waliachiwa zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa huru.

Ruaha haijafika huko. Kwa mbali mbung'o humtafuta wa kumnyonya damu kwa macho na harufu, na rangi ya buluu na nyeusi humvuta sana. Msafiri anayepita Idodi kwenda hifadhini avae kaki au rangi ya mchanga, na mikono iwe mirefu.