Je, Wajua? Sumu Inayojenga Ukoga wa Meno

Je, wajua kwamba kinywani mwako, ambamo hewa hupita usiku na mchana, wanaishi bakteria wanaouawa na oksijeni? Mmoja ni Porphyromonas gingivalis, anayehusishwa na ugonjwa wa fizi. Husalimika kwa kujichimbia ndani ya ukoga, ule utando unaonata kwenye meno. Bakteria wa juu huila oksijeni yote kabla haijawafikia wa chini, na utando usiofika hata milimita moja unatosha kwa kazi hiyo.

Je, wajua nani hutangulia kuhamia kwenye jino lililotoka kusuguliwa? Mate hulipaka protini mara moja, kisha hufika jamii ya Streptococcus, wakiwemo sanguinis na gordonii. Hawa huigeuza oksijeni kuwa haidrojeni peroksaidi, dawa ileile inayouzwa madukani ya kusafishia vidonda na kung'arisha nywele. Kwa bakteria wengi ni sumu: huharibu protini na DNA zao. Streptococcus mutans, mtoboaji meno mashuhuri, huiogopa, na hata oksijeni yenyewe humpunguzia uwezo wa kujenga utando.

Linalonistaajabisha zaidi ni hili. Sumu hiyo huwafanya watengenezaji wenyewe waachie DNA nje ya seli zao. Nyuzi hizo ndefu, badala ya kupotea na mate, huwashikanisha bakteria na kuwagandisha kwenye jino. Tumezoea kuidhania DNA kuwa hazina ya urithi tu, kumbe hapa ni gundi!

Vita kati ya mutans na watengenezaji wa sumu hiyo hubadilika ukila sukari mara kwa mara. Mutans huifanya asidi, naye huistahimili kuliko wapinzani wake. Sukari hiyohiyo humpa pia malighafi ya gundi yake mwenyewe.

Je, wajua kwamba mtu wa kwanza kuwaeleza viumbe hawa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa? Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, alikuwa akisugua meno kwa chumvi kila asubuhi, na bado mwaka 1683 aliiandikia Royal Society ya London kuhusu vijidudu alivyovikuta katika ukoga wake. Alijaribu siki pia. Ilivimaliza vilivyochanganywa nayo, lakini aliposukutua nayo aliona kwamba huua vya juu tu. Vya ndani ya ukoga haikuvifikia.