Kile Kile au Sawa Nacho? Usawa wa Vitu katika Lugha ya Java na Swali la Neno Moja

Utangulizi

Kiswahili hutumia maneno "kile kile" kwa maana mbili. Mtu asemapo, "Nimekurudishia kitabu kile kile ulichoniazima," anakusudia nakala moja tu, iliyotoka mkononi mwa mmoja ikaenda kwa mwingine na kurudi. Lakini asemapo, "Nami nimenunua kitabu kile kile ulichonunua wewe," hapana shaka kwamba nakala ni mbili, na kinacholingana ni yaliyomo ndani yake. Msikilizaji hapati taabu, kwani muktadha humwelekeza. Mashine ya kompyuta haina mwelekezaji huyo. Kwa hiyo lugha za kuandikia programu hazina budi kuzitenganisha maana hizi waziwazi. Makala hii inaeleza jinsi lugha ya Java, iliyotolewa kwa umma mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, inavyozitenganisha, na kwa nini jambo hili linawahusu watunzi wa kamusi na wachunguzi wa matini za Kiswahili.

Rejeo na maudhui

Katika Java, jina linalotumiwa kutajia kitu halikibebi kitu chenyewe. Hubeba rejeo, yaani kielekezo cha mahali kitu hicho kilipo katika kumbukumbu ya mashine. Alama ya == hulinganisha marejeo hayo tu. Huuliza: je, majina haya mawili yanaelekeza kwenye kitu kimoja? Mbinu iitwayo equals ndiyo iliyowekwa kwa ajili ya swali la pili: je, vitu hivi, hata vikiwa mbalimbali, vina maudhui yaliyo sawa? Hata hivyo, aina mpya ya kitu huirithi mbinu hiyo ikiwa na maana ile ile ya ==, mpaka mwandishi wa programu aiandike upya.

Makosa yatokanayo na kuzichanganya hizi mbili aghalabu hujificha wakati wa majaribio. Neno "kaa" likiandikwa mara mbili ndani ya programu yenyewe, Java huweka nakala moja tu, na == hujibu kwamba ni sawa. Neno hilo hilo likisomwa mara mbili kutoka katika faili ya matini, huwa vitu viwili, na jibu hugeuka. Hali kadhalika kwa hesabu za marudio ya maneno. Nambari kamili zinapohifadhiwa kama vitu vya aina ya Integer, Java hutunza tayari vitu vya nambari kuanzia -128 hadi 127 na kuvitumia tena na tena. Kuanzia 128, kwa kawaida, huunda kitu kipya kila mara. Basi programu itumiayo == kutafuta maneno yenye marudio sawa itatoa majibu sahihi katika shairi fupi na kukosea katika riwaya, ambamo maneno mawili yaliyotokea mara 300 kila moja yatahesabiwa kuwa hayalingani. Mchunguzi huweza kuchapisha jedwali lenye makosa, na mashine isimwonye.

Masharti ya usawa

Anayeiandika upya mbinu ya equals hana uhuru usio na mpaka. Kila kitu sharti kiwe sawa na nafsi yake. Cha kwanza kikiwa sawa na cha pili, cha pili nacho kiwe sawa na cha kwanza. Cha kwanza kikiwa sawa na cha pili, na cha pili na cha tatu, basi cha kwanza kiwe sawa na cha tatu. Jibu lisibadilike maadamu vitu havijabadilika, na kitu chochote kisiwe sawa na null, yaani utupu.

Sharti la tatu lina funzo kwa wanaisimu. Ikiamuliwa kwamba maneno yanayotofautiana kwa herufi moja yahesabiwe kuwa sawa, ili kusamehe makosa ya chapa, "bata" litakuwa sawa na "pata", na "pata" sawa na "paka". Lakini "bata" na "paka" hayatakuwa sawa. Kufanana, basi, si kuwa sawa.

Sharti jingine huambatana na hayo. Baadhi ya hazina za Java hupanga vitu katika visanduku kwa nambari itolewayo na mbinu ya hashCode. Vitu vilivyo sawa sharti vitoe nambari moja. Likisahauliwa hilo, kidahizo kilichokwisha kuwekwa huweza kutafutwa katika kisanduku kingine, na kamusi ikasema kwamba neno halimo, ilhali limo.

Neno moja ni lipi?

Hayo yote ni ya ufundi. Linalobaki ni la isimu. Ikiwa usawa wa vidahizo ni tahajia peke yake, seti ya Java itapokea "kaa" mara moja tu: kaa wa baharini, kaa la moto na kitenzi kukaa vitagombea nafasi moja, na viwili vitakataliwa kimya kimya. Aina ya neno na ngeli zikiongezwa, vyote vitatu vitasalimika.

Lakini ngeli kwa kigezo kipi? Mbuzi mnyama na mbuzi ya kukunia nazi, kwa kigezo cha viambishi awali, ni wa ngeli moja; programu itawaona kuwa sawa. Kwa kigezo cha upatanisho wa kisarufi, mmoja ni wa A-WA na mwingine ni wa I-ZI, programu itawatenga. Mjadala wa ngeli, ambao umegawanya wanasarufi kwa miaka mingi, hapa huamuliwa kwa mstari mmoja wa programu, na mara nyingi na mtu asiyejua kwamba upo. Hata rekodi za Java, zilizokamilishwa katika toleo la 16 la mwaka 2021 na ambazo hujiundia mbinu ya equals zenyewe, hulinganisha tu sehemu zile ambazo mwandishi amezichagua.

Hitimisho

Java humpa mtumiaji wake namna ya kuuliza usawa. Haimwambii usawa wenyewe ni nini. Kwa hiyo mtaalamu wa lugha anayeshirikiana na waandishi wa programu hapaswi kungoja matokeo ndipo ayahakiki. Yampasa atangulie kuandika, kwa maneno ya wazi, vidahizo viwili huwa kimoja kwa lipi na huwa viwili kwa lipi. Asipoandika yeye, programu itakuwa na jibu lake, na mbuzi mmoja atatoweka katika kamusi.